MALEZI UGENINI: Barua ya Uzito



Mwezi uliopita mama mmoja alinijia na barua kutoka skuli, amekasirika hata mikono inamtetemeka. Barua ilieleza kuwa mwanawe wa miaka 10 ana uzito uliozidi sana kulingana na kimo chake. "Mwalimu, ndiyo kusema sisi hatujui kulea?" Nilimsihi asiichane. Hapa Uingereza, tangu mwaka 2005, watoto hupimwa mara mbili: waingiapo skuli, na tena wafikapo darasa la sita. Siku hizi, katika kipimo hicho cha pili, zaidi ya mtoto 1 katika kila 5 huonekana ana unene wa kudhuru. Basi si watoto wetu peke yao, wala barua ile si hukumu.

Nilimsihi pia kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosa. Mjukuu wangu nilimzoea kwa jina la "Bonge la Babu", na kila akimaliza sahani nilisema mashaallah nikamwongeza. Kwetu mtoto aliyenona ndiye aliyetunzwa. Kisha kila siku ya kuogelea skuli tumbo likaanza kumuuma. Wiki ya tatu akanieleza: wenziwe walikuwa wakimwita jina lile lile nililompa, ila kwa Kiingereza.

Mtoto anayekua asishindishwe na njaa. Aghalabu matabibu hutaka uzito usizidi kupanda, ili kimo kiufikie. Kabla ya kumkata chakula, muulizeni daktari wenu au muuguzi wa skuli. (Soda ya kila siku haihitaji kuuliziwa daktari.)

Tazameni badala yake mwendo wa siku yake. Asubuhi gari, mchana kiti, alasiri gari tena mpaka madrasa, akae mkekani tangu saa 11 hadi saa 1, kisha nyumbani na simu mkononi. Ilhali waganga wakuu wa nchi hii, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, walishauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 18 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili hata pumzi zimwende mbio. Si lazima ziwe za mfululizo.

Sisemi madrasa ipunguzwe, la hasha. Nasema gari libaki nyumbani. Kutoka kwetu hadi madrasa ni dakika 20 kwa mwendo wa haraka. Kwenda na kurudi ni 40. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa 10 za jioni, kwa hiyo mtoto asiende peke yake. Nami huvaa koti la kung'aa, wajukuu wakanicheka. Huko Stirling, Scotland, mwaka 2012 mwalimu mkuu Elaine Wyllie aliwaanzishia wanafunzi robo saa ya kukimbia au kutembea kila siku, kwa nguo zao zile zile za skuli. Mpango huo umeenea nchi nyingi, na hauhitaji hata kiwanja cha mpira.

Neno kuhusu mabinti. Wapo wazazi wanaowaombea ruhusa wasishiriki michezo ya skuli kwa ajili ya sitara. Suruali ndefu na mikono mirefu aghalabu hukubaliwa ukizungumza na mwalimu kwa upole. Mama zetu walicheza rede wamejifunga kanga, na hakuna aliyewaona wamekosa heshima.

Mjukuu wangu uzito haujapungua, lakini amerefuka, na tumbo haliumi tena siku za kuogelea. Sasa namwita kwa jina alilopewa na babake.

Jumamosi saa 4 asubuhi tutakuwa bustanini kwa rede na kombolela. Leteni mpira na kamba ya kuruka. Mvua ikinyesha, njooni na makoti.