NYAMA NYEKUNDU SI LAZIMA IWE NYAMA MPYA

Na Mwanachama wa Kakamega



Mtu akitoka kazini jioni na pesa kidogo mfukoni, akipita katika bucha za mji wetu wa Kakamega kutafuta robo kilo ya kupikia watoto, hutazama nini kwanza? Hutazama rangi. Nyama ikiwa nyekundu husema, hii ni ya leo. Ikiwa imegeuka kahawia husema, hii ni ya juzi, akaenda zake. Hivyo ndivyo mama zetu walivyotufundisha, na zamani hawakukosea. Lakini siku hizi rangi hiyo inaweza kununuliwa dukani kwa kilo, nayo ni unga mweupe.

Unga huo unaitwa sodiamu metabisalfaiti. Watu wengi wa Kenya walisikia habari zake mara ya kwanza Julai 2019, wakati televisheni ya NTV ilipoonyesha taarifa ya mwandishi Dennis Okari juu ya nyama katika supamaketi. Kelele zilikuwa kubwa. Wakaguzi walitumwa, sampuli zikachukuliwa, na kwa majuma machache kila mtu alizungumza juu ya nyama. Halafu tukanyamaza. Mimi naandika kwa sababu katika kelele zile zote sikusikia mtu akiuliza swali moja: mkono uliotia unga ule katika nyama ulikuwa wa nani? Haukuwa wa tajiri. Ulikuwa wa mfanya kazi kama mimi na wewe.

Nitasema lililo langu kwanza, ili mtu asiniambie kwamba nawasema wengine. Mwaka 2018 nilikuwa kibarua wa kukata nyama katika duka moja, ambalo sitalitaja. Kila jioni mnyapara alitoa mkebe wa zamani wa siagi, usio na karatasi wala maandishi, ndani yake unga mweupe. Yeye aliuita chumvi. Tuliambiwa tuchanganye na maji katika ndoo, tuiloweshe nyama iliyobaki, kisha tuirudishe katika friji. Asubuhi ilikuwa nyekundu kuliko ile iliyotoka kichinjioni. Hatukupewa glavu wala barakoa. Kijana mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa na ugonjwa wa pumu. Kila ndoo ilipochanganywa alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akatoka nje kushika ukuta. Sisi tulicheka na kusema kijana huyu ni mvivu. Tulijua kwamba ile si chumvi. Chumvi haiumizi pua. Lakini tuliendelea kuutia, na Jumamosi wateja wetu walikuwa wafanya kazi wenzetu.

Sasa tuueleze unga huu vizuri, maana chama kisichojua kitu hakiwezi kukidai.

Kwanza, si ile dawa ya mochari. Wako watu wanaochanganya mambo haya mawili. Dawa ya kuhifadhi maiti ni formalini, ambayo ni mbaya zaidi. Mwaka 2004 shirika la kimataifa linalochunguza saratani, IARC, lilihukumu kwamba hewa yake inaleta saratani kwa binadamu. Formalini haina ruhusa kabisa kuingia katika nyama ya kuliwa. Metabisalfaiti ni jambo jingine, nayo ina kazi zake za halali. Hutiwa katika mvinyo, katika matunda makavu, na katika nchi nyingine katika soseji, kwa kipimo. Kwa hiyo tajiri akishikwa husema, "Mbona Wazungu wanaila?" Jibu liko katika maneno mawili: kipimo na karatasi.

Unga huu ukikutana na maji hutoa hewa kali ya salfa, ile inayochoma pua wakati kiberiti kinapowashwa. Hewa hiyo ndiyo inayoua vijidudu vingine na kuzuia nyama isigeuke kahawia. Lakini sikilizeni hapa: haiui vijidudu vyote, na nyama iliyokwisha haribika hairudi kuwa nzuri. Inarudisha sura tu. Nyama ya siku nne inavaa nguo ya nyama ya leo. Pua na macho, walinzi wawili aliowapa Mungu maskini asiye na maabara, wote wanadanganywa kwa mara moja.

Pili, unamdhuru nani? Watu wenye pumu ndio wa kwanza. Si wote, lakini wako ambao wakila chakula chenye salfaiti, au wakivuta hewa yake, kifua hufunga na pumzi ikawa taabu. Marekani, miaka ya 1980, watu walikufa kwa salfaiti iliyotiwa katika mboga mbichi mahotelini ili zionekane mpya. Mwaka 1986 serikali yao ikapiga marufuku kuitia katika matunda na mboga za kuliwa mbichi, na ikaamuru kwamba chakula chenye salfaiti kuanzia sehemu 10 katika milioni kiandikwe hivyo. Katika nyama hairuhusiwi huko. Sababu yao moja ni kwamba salfaiti huharibu vitamini B1, na nyama ni chakula kinachotegemewa kuleta vitamini hiyo. Australia nao wanaikubali katika soseji kwa kipimo, lakini nyama mbichi ya kawaida na ile ya kusaga hapana.

Tatu, kipimo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa FAO na WHO waliweka kwamba mtu asizidi miligramu 0.7 kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake. Fanyeni hesabu pamoja nami. Mtu wa kilo 60 mwisho wake ni miligramu 42. Mtoto wa kilo 20 mwisho wake ni miligramu 14. Nchi za Ulaya zinaruhusu soseji za namna fulani ziwe na miligramu 450 katika kilo. Gramu 100 za soseji hizo, zikiwa zimefika mpaka wa sheria, zina miligramu 45. Kupika hupunguza kiasi, lakini mnaona jinsi nafasi ilivyo ndogo hata pale penye mizani na mkaguzi. Na mwaka 2022 wakubwa wa usalama wa chakula wa Ulaya waliondoa kipimo chao cha siku, wakasema habari zilizopo hazitoshi kuwahakikishia usalama, na kwamba wanaokula sana wanaweza kuwa hatarini. Sasa niambieni: sisi tuliotia kwa kiganja cha mkono, tulitia miligramu ngapi? Hakuna ajuaye. Mnyapara hakujua, na mnunuzi hakuambiwa hata kwamba imo.

Basi sheria inasema nini? Hatuna upungufu wa sheria. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura 254, inakataza kuuza chakula chenye kitu cha kudhuru, na inakataza kumdanganya mnunuzi juu ya hali ya chakula. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kuelezwa anachonunua na kulindwa afya yake. Katiba hiyohiyo imezipa kaunti kazi ya vichinjio, na kazi ya kutoa leseni kwa wanaouzia watu chakula. Kwa hiyo lawama isipelekwe Nairobi kila siku. Mlango wa kwanza wa kubisha uko hapahapa Kakamega.

Lakini mwajua muhuri wa mkaguzi hupigwa wapi. Hupigwa kichinjioni asubuhi, na ng'ombe wakati huo ni mzima. Unga hutiwa usiku, dukani, mlango ukiwa umefungwa. Bwana Afya akija saa nne mchana akitazama kwa macho ataona nyama nzuri nyekundu, ataandika kitabu, ataondoka. Bila kuchukua kipande na kukipeleka maabara hawezi kujua. Msidanganywe na maneno ya mitaani kwamba kutazama nzi kunatosha. Jicho halipimi salfaiti. Watu wanaojua kila siku, bila maabara, ni wale walio ndani, nao ni wafanya kazi.

Ndiyo sababu nasema jambo hili ni la chama, si la Bwana Afya peke yake.

Najua wanachama wengine watasema, "Ndugu, ukikataa kutia, utafukuzwa kesho, na mlangoni wako vijana kumi wanaoomba kazi hiyo. Watoto watakula nini?" Maneno haya ni ya kweli, wala sitayacheka. Mimi mwenyewe niliyasema. Mtu mmoja akikataa peke yake huumia peke yake. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa hawakupata nyongeza yao ya asilimia 33 kwa mtu mmoja mmoja kumwendea bwana mkubwa. Walisimama pamoja. Haki ya kukataa kumlisha mwenzako uwongo nayo ni haki ya kazi, nayo itapatikana kwa njia ileile.

Na si kwamba tunaanza mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kazi ampe mfanya kazi vifaa vya kujikinga na kemikali zinazodhuru. Inasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amweleze msimamizi, na asilazimishwe kurudi mahali pa hatari kabla haijaondolewa. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na sisi tuwe na wajumbe ndani yake. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, kifungu cha 46, inasema malalamiko ya haki dhidi ya mwenye kazi si sababu ya kumfukuza mtu. Shida ni kwamba kibarua wa bucha hajasomewa maneno haya, na bucha nyingi zina watu watatu au wanne tu, hata kamati haziwezi kupata.

Tena tuwe waadilifu kwa mwenye bucha mdogo. Si kila mmoja ni mwizi. Amenunua ng'ombe kwa mkopo, stima imepotea usiku kucha, friji imekufa, na nyama haingoji. Unga ni rahisi kuliko jenereta. Hili halimpi haki ya kutuumiza, lakini linatuonyesha kwamba marufuku peke yake haitoshi. Zamani wazee wetu walikausha nyama kwa moshi juu ya jiko, nayo ilikaa, wala hawakumdanganya mtu kwamba ni mbichi. Dawa ya nyama ni baridi, au moshi, au kuchinja kiasi kinachouzika.

Kwa hiyo naomba tawi letu lichukue mambo haya manne mkutanoni:

1. Kila mapatano ya kazi na duka, hoteli au kiwanda cha chakula yawe na kifungu kwamba hakuna mfanya kazi atakayeadhibiwa kwa kukataa kutia kemikali isiyo na karatasi ya jina lake.

2. Mkebe wowote usio na maandishi usiingie mahali pa kazi. Wanaofanya kazi na kemikali halali wapewe glavu, barakoa na mafunzo bila kukatwa mshahara.

3. Serikali ya Kaunti ichukue sampuli za nyama jioni na usiku, si asubuhi tu, izipeleke maabara, na majibu yabandikwe sokoni watu wasome.

4. Kaunti ijenge chumba cha baridi cha pamoja sokoni, chenye stima ya akiba, wenye bucha ndogo wakodishe kwa bei ndogo. Hapo atakayetia unga hatakuwa na udhuru.

Na sisi wanunuzi tubadilishe swali. Tusiulize tu, "Ni nyekundu?" Tuulize, "Imechinjwa lini, muhuri uko wapi, na friji inafanya kazi?" Nyama ya jana iliyogeuka kahawia kidogo lakini imekaa katika baridi nzuri ni salama kuliko nyekundu ya ndoo. Tukiendelea kulipa rangi, tajiri ataendelea kutuuzia rangi.

Yule kijana wa pumu aliacha kazi kabla ya mwisho wa mwaka. Hakuna aliyemfukuza. Kifua chake ndicho kilichomfukuza, na sisi tuliokuwa naye hatukusema neno. Nimelibeba jambo hilo muda mrefu. Chama kikichukua neno hili, siku nyingine kijana kama yeye atakaposhika ukuta, awe na wenzake wa kumwambia mnyapara: weka mkebe huo chini.

Umoja ni nguvu.