Fedha ya sufuria
Gari la Marsabit likisimama Isiolo, madirisha hujaa mikono ya wachuuzi wa bangili: nyaya za shaba nyekundu, shaba ya njano na alumini zilizosokotwa pamoja. Abiria hubishana bei, hununua, hulala. Mimi nawaonea wivu wanaozisokota. Zamani masonara wa pande hizi za pwani na bara waliyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye mwaka 1780 hata zilipochapwa karne mbili baadaye. Ila fedha safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 961, alumini 660 tu, na haina bei ya kutisha. Ndiyo maana shanga nyeupe za wanawake wa Kiborana zilifuliwa kutokana na sufuria kuukuu. Anayesema hiyo si fedha, asema kweli. Lakini amtazame mvaaji kwanza. Kama uzuri hauhitaji fedha, basi anayeniuliza afanye nini na jioni zake (na wako wengi, hasa wastaafu) namwambia atafute koleo, nyundo na waya. Bangili ya kwanza itapinda vibaya. Ainyooshe, aisokote tena. Waya hauna kinyongo.