Tusiwafungie Watoto Mlango wa Rangi



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi mlio likizo, leo nataka tuzungumze juu ya jambo lililoanzia nyumbani kwangu hapa Niboye. Binti yangu ameigeuza stoo ya uani kuwa karakana. Ana vipande vya plaiwudi, gundi nyeupe, unga wa mbao aliouomba kwa seremala, na makopo ya rangi yaliyobaki tulipopaka nyumba. Anapaka tabaka juu ya tabaka, anasugua kwa msasa mpaka rangi ya chini ichungulie, kisha anaanza upya. Ijumaa moja baada ya swala, jirani ninayemheshimu sana akanivuta pembeni: "Mzee mwenzangu, unamwacha mtoto afanye kazi ya masanamu?"

Sikumjibu pale pale. Namjibu hapa, kwa heshima, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Anachokifanya binti yangu ni imigongo. Sisi wasema Kiswahili neno hili halitutaabishi, kwani ni migongo hii hii tunayoijua. Ni matuta yanayoinuka juu ya ubao kama uti wa mgongo. Sanaa hii asili yake ni Gisaka, mashariki ya nchi yetu, na masimulizi huinasibisha na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, aliyeremba kuta za ndani ya nyumba yake. Mavi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, yakafinyangwa kwa vidole kufuata mistari, yakaachwa yakauke, yakasuguliwa, ndipo yakapakwa rangi. Nyeupe na nyekundu hutoka kwenye udongo. Nyeusi hupikwa kwa utomvu wa mshubiri, majivu na tunda la ndulele. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 nusura yaizime kazi hii, lakini wanawake wa Nyarubuye waliobaki wakaishika tena, safari hii juu ya mbao zinazoweza kuuzwa.

Sasa tazama michoro yenyewe. Ni pembetatu, misumari, mizunguko, mistari ya kwenda na kurudi. Hakuna jicho wala uso. Tunajua kisa cha mtu aliyemwendea Ibn Abbas (r.a.) akisema riziki yake ni kutengeneza picha, naye akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Na ndugu zetu wa Lamu walichonga mapambo ya namna hii kwenye zidaka za chokaa ndani ya majumba yao ya mawe, na hakuna aliyewaita waabudu masanamu. Kwa nini basi imigongo tuione mahotelini na kwenye maduka ya watalii, tuiogope sebuleni kwetu?

Lipo swali la kweli, ila jirani yangu hakuliuliza, nalo ni hayo mavi ya ng'ombe. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kinyesi cha mnyama yeyote ni najisi, hata mnyama aliwaye. Wamaliki na Wahanbali wanasema cha mnyama anayeliwa nyama yake ni tohara. Huo ni ukhtilafu wa wanavyuoni wakubwa, na mimi si wa kuamua baina yao. Muulize sheikh wako. Nyumbani kwangu tumechagua njia ya kutoka kwenye shaka: unga wa mbao na gundi. Tuta linainuka vile vile, na ukilisugua linakuwa laini. Kosa lake la mwanzo lilikuwa kuliinua tuta lote kwa siku moja. Likapasuka kama shamba la kiangazi. Sasa anaweka tabaka nyembamba, anangoja mpaka kesho, anaongeza. (Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akisubiri kitu bila kununa.)

Jambo ambalo naona wazazi tunalisahau ni udhu. Rangi ikikauka mkononi hufanya utando, na maji hayafiki kwenye ngozi. Rangi ya mafuta ni hivyo, na rangi ya maji nayo ikiwa nene, na gundi zaidi. Kikibaki doa tu lisilo na gamba, hakuna tatizo. Lakini gamba lazima litoke kabla ya udhu, hasa pembeni mwa kucha. Kwa hiyo sheria ya stoo yetu ni kwamba kazi inasimama mapema kabla ya adhana, na kuna kopo la mafuta ya kupikia na kitambaa cha kusugulia mlangoni. Mwanzoni alinung'unika. Sasa hunikumbusha yeye kwamba Alasiri imekaribia.

Msasa nao una hatari yake. Msimpe mtoto kusugua mlango au dirisha la zamani lililopakwa rangi ya mafuta, kwani huenda rangi hiyo ina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Ubao wake mwenyewe ausugue ukiwa na unyevu, dirisha likiwa wazi. Na asiweke rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, itabanduka tu na atakuja kulia kwako.

Mtoto anayekatazwa kila kitu huishia kwenye simu, na huko masanamu anayoyaona hatuyahesabu. Jirani yangu nimemwalika Jumamosi baada ya umuganda, aje na wanawe wawili. Mbao tatu tumeshazikata.

Wabillahi tawfiq.