Waandaaji wa Programu Waeleze Walichobadilisha

Tarehe 13 Mei 2008, wasimamizi wa seva zinazotumia mfumo wa Debian walipata tangazo la usalama nambari DSA-1571-1. Lilihusu OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za kulinda mawasiliano. Badiliko dogo lililofanywa mwaka 2006 lilikuwa limeivuruga, kiasi kwamba kwa ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) wa aina na ukubwa mmoja, kompyuta ya aina moja ikawa na uwezo wa kutoa funguo 32,767 tu. Mdukuzi angezijaribu zote bila taabu.

Kusakinisha toleo jipya hakukutosha, kwa kuwa funguo za zamani zilibaki mbovu. Lau tangazo lingesema "marekebisho ya usalama" likaishia hapo, msimamizi angesakinisha, akalala usingizi mnono, na mlango ungebaki wazi. Waliolitoa hawakumwacha abahatishe. Walitaja toleo lililoleta kasoro, 0.9.8c-1, wakataja funguo zilizoathirika, zikiwemo za SSH na OpenVPN, wakasema za GnuPG ni salama, wakahimiza zilizoathirika zitengenezwe upya.

Leo masasisho mangapi yanatoka na maneno "toleo jipya" tu, au "tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji"? Hitilafu ipi? Mtu anayepakua kwa bando la kununua ana haki ya kujua analipia nini.

Wapo watakaojitetea kwamba orodha kamili ya mabadiliko ipo. Ni kweli ipo, lakini mara nyingi mafundi wameiandika kwa ajili ya mafundi wenzao. Mtumiaji anahitaji majibu ya maswali manne: kimebadilika nini, kinamhusu nani, akichelewa atadhurika vipi, na akishasakinisha afanye nini.

Kazi hiyo haihitaji kurasa. Badala ya "marekebisho ya uchapishaji", mwandaaji na aandike: "Programu haijifungi tena unapochapisha waraka wenye kurasa za ukubwa tofauti. Huna haja ya kuwasha kompyuta upya." Sentensi mbili zimetosha.

Waandaaji na waandike maelezo hayo siku ileile wanaporekebisha, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Kisha, kabla ya kutoa sasisho, wampe asome mtu ambaye hakushiriki kazi hiyo. Asipoweza kusema sasisho linamtaka afanye nini, wakae waandike upya.