Dawa ya zamani, tumaini jipya: Nani ataivusha mpaka?

WAFANYABIASHARA wanaovuka Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo wanalijua ombi hili: ndugu ana mgonjwa wa saratani, amekonda sana, na amesikia kuna vidonge upande wa pili vinavyorudisha mwili. Je, unaweza kuvileta na mzigo wako?

Kukonda huko si njaa tu. Saratani huuchokoza mfumo wa kinga, nao humwaga kemikali zinazokata hamu ya kula na kuufanya mwili uyeyushe misuli yake wenyewe. Ndiyo maana supu na uji wa lishe pekee mara nyingi havitoshi. Kwa madaktari, dalili ni kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni kilo tatu na nusu.

Tumaini lililopo sasa limetoka kwenye dawa ya siku nyingi, olanzapini, iliyotengenezwa kwa ajili ya maradhi ya akili. Hospitali ya umma ya JIPMER mjini Puducherry, India, iliijaribu kwa wagonjwa 124 wa saratani ya tumbo, ini, kongosho na mapafu waliokuwa wakianza matibabu ya kemikali. Nusu walipewa miligramu 2.5 kwa siku kwa wiki 12, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa asilimia 60 ya waliopata dawa waliongeza uzito kwa zaidi ya asilimia 5, dhidi ya asilimia 9 ya wenzao. Mwaka huohuo, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kiliiingiza kwenye mwongozo wake.

Hata hivyo, haitibu saratani, na utafiti huo ulifanywa katika hospitali moja. Huleta usingizi na inaweza kupandisha sukari. Deksamethasoni, inayouzwa kiholela kama dawa ya kunenepesha, ina hatari zaidi: huongeza hamu ya kula kwa muda mfupi, lakini ikitumiwa muda mrefu hupunguza kinga na kudhoofisha misuli ileile.

Kikwazo kikubwa ni cha kibiashara. Hataza ya olanzapini nchini Marekani iliisha mwaka 2011, na sasa viwanda vingi vinaitengeneza. Hakuna kampuni yenye haraka ya kulipia majaribio ya kidonge cha bei nafuu ambacho jirani yake pia atakiuza. Kazi hiyo inabaki kwa taasisi za umma, kama ilivyokuwa Puducherry. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Ocean Road ya Dar es Salaam zina wagonjwa na wataalamu wa kufanya majaribio ya pamoja. Zinachohitaji ni serikali wanachama kuyagharamia.

Kwa upande wa sheria, Jumuiya ilianza mwaka 2012 mpango wa kuoanisha usajili wa dawa, lakini kibali cha mwisho bado hutolewa na kila nchi. Cheti rahisi cha uasilia, kinachomsaidia mfanyabiashara mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, hakichukui nafasi ya kibali cha mamlaka ya dawa. Vidonge vilivyofichwa katikati ya vitenge vinaweza kuponza mzigo wote, na kumfikia mgonjwa bila mtu wa kumpima sukari.

Anayeombwa kuvibeba hana haja ya kumkatalia ndugu mkono mtupu. Amwambie apeleke jina la dawa hiyo kwa daktari anayemtibu mgonjwa, pamoja na uzito wake wa leo na wa miezi sita iliyopita. Huenda dawa hiyo ipo tayari katika famasia ya hospitali hiyohiyo, kwenye rafu ya wagonjwa wa akili.