Saa mbili za ndege, siku nzima ya safari



Kila mtu anayekuja dispanseri kutuaga kwamba anaenda Kinshasa anasema: «Ni saa mbili tu!» Ni kweli. Toka uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi, hadi N'Djili ni karibu kilomita 1.550, na ndege inazimaliza kwa saa mbili na dakika kidogo. Lakini hesabu pia kuamka alfajiri, kungoja Luano, kungoja mizigo kule, na ile barabara ya kuingia mjini. Ndege ikichelewa, giza linakukuta ungali uwanjani.

Mgonjwa mmoja wa sukari alifunga insulini yake ndani ya sanduku, akalitoa pamoja na mizigo. Ndege ikakawia. Mchana kutwa hana sindano, jioni akaanguka. Dawa, ndugu, inakaa ndani ya mkoba unaoshika mkononi. Tena, kule chini kwenye mizigo insulini inaweza kuganda kwa baridi, na ikiisha kuganda haifai tena.

Angalia na saa yako. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja: ukiruka saa 10.00, unafika karibu saa 11.15 ya kule, lakini mwili wako unahesabu 12.15. Dawa ya kifafa ya siku hiyo, imeze kwa saa ya nyumbani.

Mwenye mtoto wa SS atuone kabla ya kununua tiketi, maana hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kuliko hii yetu. Aje juma moja mbele, asije usiku wa kuamkia safari.