UENYEJI WA AFCON 2027 NI AMANA, SI FAHARI YA KUTAMBIANA



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake wote.

Ama ba'ad.

Ndugu yangu katika imani, darsa la leo ni refu kidogo. Kama una haraka liache, utalisoma baada ya Isha. Usilisome nusu kisha ukakimbilia kwenye maoni kugombana.

Huku kwetu Mtera mazungumzo siku hizi ni mamoja. Ukienda kwa wauza samaki pale barabara kuu ya Dodoma na Iringa, AFCON. Ukipita kibanda umiza, AFCON. Kijiwe cha bodaboda, AFCON. Viwanja vitakamilika? CAF watatunyang'anya? Wakenya watatuaibisha? Na kwenye makundi ya WhatsApp ndio usiseme, watu wanatukanana mpaka usiku wa manane kwa ajili ya mashindano ambayo bado hayajaanza.

Nimesikiliza na nimesoma. Nimewaona watu wamegawanyika makundi matatu, na yote matatu, wallahi, yamekosea njia.

KUNDI LA KWANZA ni la wenye fahari. Kwao, tangu CAF walipotangaza pale Cairo tarehe 27 Septemba 2023 kwamba Kenya, Uganda na Tanzania wataandaa kwa pamoja, basi kazi imekwisha. Ukiuliza gharama, wewe msaliti. Ukiuliza usalama, wewe huitakii nchi mema.

Ndugu yangu, kuuliza si usaliti. Sayyidna Umar (R.A.) aliulizwa habari ya nguo yake mbele ya watu, naye ni Amirul-Muuminin, na akajibu. Wewe shabiki wa jezi ni nani usiulizwe?

KUNDI LA PILI ni la wanaotamani tuaibike. Hawa hukumbusha kwamba Kenya ilipewa AFCON ya 1996 ikaenda Afrika Kusini, ikapewa CHAN ya 2018 ikaenda Morocco. Hukumbusha kwamba CHAN yetu ya Februari 2025 ilisogezwa mpaka Agosti, ikatangazwa wiki chache tu kabla. Wanayosema ni kweli. Lakini sikiliza sauti zao: wanafurahi! Mtu anaomba nyumba ya jirani iungue ili apate kusema "si nilisema?" Hiyo ni hasadi iliyovaa nguo za uchambuzi.

KUNDI LA TATU linaniuma zaidi, maana ni la wenzetu wa mimbarini. Wao wanasema mpira ni upuuzi, Muislamu hauhusu, tunyamaze.

Nawajibu kwa heshima. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi, na Mama Aisha (R.A.) akawatazama hali Mtume amemkinga kwa shuka yake. Mtume huyo huyo alishindanisha farasi. Mchezo kwa asili yake si haramu. Haramu ni yale yanayopachikwa kwenye mchezo. Sasa kama vijana wetu wote wapo kwenye mchezo na sisi tumenyamaza, nani atawaambia kipi kimepachikwa?

Basi tuacheni makundi. Tutafute mizani.

MIZANI YA MWENYEJI

Hakuna watu waliojua uenyeji kuliko Maquraishi. Kila mwaka Makka ilipokea mahujaji, na kazi ziligawanywa: ukoo huu kulisha wageni, ukoo huu kuwanywesha maji, ukoo huu kushika ufunguo wa Al-Kaaba. Hiyo ilikuwa kamati ya maandalizi, kwa lugha ya leo.

Mwenyezi Mungu alipowakumbusha wenyeji hao neema zake katika Surat Quraysh, alitaja mambo mawili tu: kwamba amewalisha wakaondokewa na njaa, na amewapa amani wakaondokewa na khofu. Hakutaja ukubwa wa majengo yao. Na katika Surat At-Tawba, aya ya 19, akawakemea waliodhani kuwanywesha mahujaji na kuutunza Msikiti Mtakatifu kunalingana na imani na jihadi. Yaani unaweza kuwa mwenyeji hodari, na mizani yako kwa Mola ikawa nyepesi.

Njaa na khofu. Tuupime uenyeji wetu kwa hayo mawili.

MIZANI YA KWANZA: NJAA

Mtera haitapata mechi hata moja. Lakini bwawa letu lina mitambo ya megawati 80, na maji yakitoka hapa yanashuka kwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu. Taa za uwanja zikiwaka usiku, sehemu ya mwanga ule imetoka kwetu. Na kodi ya kila anayenunua sukari hapa nayo imo. Kwa hiyo mvuvi wa Mtera ni mwenyeji, si mtazamaji. Ana haki ya kuuliza: uwanja ukishakamilika, nani atashiba?

Vijana wa Morocco waliuliza swali hilo hilo. Nchi ile imejenga viwanja vinavyosifiwa bara zima. Lakini Septemba 2025 vijana waliingia barabarani baada ya akina mama kufariki wakijifungua katika hospitali moja ya Agadir. Kilio chao kilikuwa rahisi: viwanja tunaviona, hospitali ziko wapi?

Sisemi tusijenge. Nasema tujenge huku swali lile likiwa mezani, tusingoje lije barabarani.

Na kujenga ni nusu ya kazi. Sisi Waislamu hili tunalijua kuliko wengine. Msikiti hujengwa kwa harambee na takbira, kisha miaka miwili baadaye bomba la kutawadhia halitoi maji, na hakuna anayechangia bomba. Ndio maana wazee walipoacha msikiti waliacha na wakfu wa kuutunza, shamba au nyumba ya kupangisha.

Mei 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Tuna Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu 60,000. Mvua ikanyesha, eneo la kuchezea likaonekana halifai, mchezo wa marudiano ukahamishiwa Amaan, Zanzibar, uwanja mdogo kuliko ule kwa mbali. Maelfu wakabaki nje ya fainali kwa sababu ya nyasi na mitaro ya maji! Sasa tunaongeza uwanja mpya Arusha wa watu wapatao 30,000. Allah aubariki. Lakini niambieni, wakfu wake uko wapi? Mechi ya mwisho ikimalizika 2027, nani atamwagilia nyasi 2030?

Na mama lishe aliyepika chapati nje ya uwanja miaka kumi, siku ya mgeni atafukuzwa kwa jina la usafi, au atapewa meza? Uenyeji unaomficha maskini ili mgeni asimuone, huo si ukarimu. Ni kujipodoa.

MIZANI YA PILI: KHOFU

Nabii Ibrahim (A.S.) alipouombea mji wa Makka, katika Surat Al-Baqara aya ya 126, alitanguliza amani, kisha ndio akaomba matunda. Mgeni hali chakula nyumbani kunakogombwa.

Januari 24, 2022, nje ya uwanja wa Olembé, Cameroon, watu wanane walikufa kwa kukanyagana, kwenye mashindano haya haya ya AFCON. Geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Watu wanane, kwa kosa la geti! Na usiseme huko ni mbali. Mei 28, 2023, kwenye fainali ya Yanga na USM Alger, msongamano wa Mkapa ulimwondoa mtu mmoja na kujeruhi wengine. Alitoka nyumbani kwenda kwenye furaha, akarudishwa ndani ya sanda.

Liko na jingine, na sitalipita kimya. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, na siku zilizofuata, watu walikufa, marufuku ya kutoka nje usiku ikawekwa, intaneti ikazimwa. Intaneti iliporudi, unajua baadhi yetu tuliuliza nini? "Je, AFCON itaondolewa?"

Subhanallah! Mama anatafuta maiti ya mwanawe, wewe unatafuta ratiba ya mechi. Qur'an katika Surat Al-Maida, aya ya 32, imefanya kuua nafsi moja isiyo na hatia ni kama kuua watu wote. Atakayetaka amani ya wageni 2027 aanze na haki ya wafiwa wa 2025. Amani ya kulinda mashindano peke yake, isiyomfuta mtu machozi, ni kimya tu. Na kimya si amani.

SASA TUJE KWETU MASHABIKI

Ni rahisi kuinyooshea serikali kidole, au TFF, au CAF. Lakini Agosti 2025, kwenye CHAN, nani aliyevunja mageti ya Kasarani? Si waziri. Ni mashabiki wasio na tiketi. CAF wakapunguza idadi ya watazamaji, na aliyenunua tiketi kwa jasho lake akaumia kwa dhambi ya aliyeruka ukuta.

Sikia, kijana. Kuingia bila tiketi mahali panapolipiwa ni wizi. Usiniambie "serikali ina hela nyingi". Na wewe unayenunua tiketi hamsini ukazificha ili uziuze mara tatu ya bei siku ya mechi, wewe ni ndugu wa yule aliyeficha mchele wakati wa njaa.

Pili, KAMARI. Nalisema bila kupepesa macho. Nusu ya mnaojiita wachambuzi wa AFCON hamchambui mpira, mnachambua mkeka. Aya ya 90 na 91 za Al-Maida zimeiweka kamari safu moja na pombe na masanamu, na zikasema shetani anataka kwazo kutia uadui na chuki baina yetu na kutuzuia na kumkumbuka Allah na kuswali. Nenda kibanda umiza siku ya mechi tatu uone kama aya haijasimama mbele yako. Mvuvi analala bwawani usiku kucha na baridi yake, asubuhi anauza, saa nne pesa yote imeingia kwenye simu, jioni mkeka umechanika, nyumbani watoto wanasubiri unga. Huyo hahitaji CAF wamnyang'anye kitu. Amekwisha kujinyang'anya.

Tatu, ASABIYA. Taifa Stars walifungwa na Morocco bao 1-0 robo fainali ya CHAN, Agosti 2025 pale kwa Mkapa. Wakafungwa tena 1-0 kule Rabat Januari 2026, katika hatua ya 16 bora ya AFCON ambayo hatujawahi kuifikia kabla. Kuumia ni halali. Lakini nilisoma matusi ya rangi na kabila, yameandikwa na watu wenye majina ya Maswahaba, wakiwatukana watu wanaoelekea kibla kimoja nao! Na Wakenya na Waganda, wenyeji wenzetu, tunawaita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Muhajirina na Ansari walipogombana na kila mmoja akaita watu wake, Mtume (S.A.W.) aliwaambia waache wito huo kwa kuwa unanuka. Unanuka, ndugu yangu, hata ukivikwa jezi ya taifa. Na ngamia wake aitwaye Al-Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbio, aliposhindwa na ngamia wa bedui, Maswahaba walihuzunika. Yeye akawafundisha kwamba ni haki ya Allah, hakipandi kitu hapa duniani ila hukishusha. Kama ngamia wa Mtume alishindwa, timu yako ni nani isishindwe?

Nne, SWALA. Mechi ya saa kumi na moja jioni, Maghrib inakukuta kipindi cha pili. Mechi ya saa mbili usiku, Isha inaelea. Allah aliweka swala ya khofu ili hata askari vitani, adui yupo mbele, asiiache. Wewe adui yako ni kona na mpira wa adhabu?

TUFANYE NINI?

1. Tunapouliza kuhusu gharama na usalama, tuulize kwa adabu na kwa ukweli. Usisambaze picha ya uwanja ambayo hujui ni ya wapi.

2. Misikiti ya Dar es Salaam, Zanzibar na Arusha ianze sasa kujipanga: maji, vyoo, mahali pa kuswalia wageni, sehemu safi ya akina mama. Watakuja Wasenegali, Wamali, Wamisri, wakiuliza kibla kiko wapi. Kumkirimu mgeni Mtume (S.A.W.) amekufungamanisha na kumwamini Allah na Siku ya Mwisho.

3. Futa programu ya kubeti kwenye simu yako leo. Leo, si baada ya AFCON.

4. Nunua tiketi kihalali, au tazama nyumbani. Geti likisongamana, rudi nyuma. Bao litarudiwa, roho hairudiwi.

5. Mwombee dua Mkenya na Mganda kama unavyojiombea. Uenyeji huu tumepewa watatu, na mmoja akianguka tumeanguka wote.

Siku ya kuikomboa Makka, ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa mkononi mwa Mtume (S.A.W.), na wapo walioutamani. Aliurudisha kwa Uthman bin Twalha, wa familia iliyokuwa ikiushika. Wanazuoni wengi wa tafsiri wameitaja habari hiyo kwenye aya ya 58 ya Surat An-Nisaa, inayoamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe na watu wahukumiwe kwa uadilifu.

Ufunguo ni amana. Uenyeji nao ni ufunguo, umewekwa mkononi mwetu kwa muda. Siku ya Kiyama hutaulizwa Taifa Stars walifika hatua gani. Utaulizwa ulimfanyia nini mgeni, ulimfanyia nini jirani, na pesa ya unga wa watoto uliipeleka wapi.

Ewe Mola wetu, ijaalie nchi yetu na nchi za jirani zetu ziwe za amani, ulishe wenye njaa wetu, uwarehemu waliotangulia na uwape subira wafiwa wao. Amin.

Mfikishie na mwenzako wa kibanda umiza. Wabillahi tawfiq.